Maiki Mbili, Chaneli Moja

Sajini hakutaka kusikia habari za chaneli. Alitaka Mama Spika aonje chakula.

"Onja kwanza," alisema, akilisukuma bakuli kwa ncha ya kalamu kana kwamba kuna kitu kimefia ndani.

"Ni chakula cha mume wangu, afande. Nimekipika mwenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia uonje."

Akaonja. Watu waliokuwa kwenye benchi la kituo wakamtazama akitafuna, akimeza, kisha akifungua kinywa kidogo kama mtoto anayeonyesha kuwa dawa imeshuka. Sajini akaridhika. Akalifunika bakuli na kuliweka chini ya meza, palipokuwa na mabakuli mengine ya tangu jana ambayo hakuna aliyeyagusa.

"Sasa naomba nikueleze, afande. Maiki zile ni pacha. Zinauzwa pamoja, na zote ziko chaneli moja. Ukiitenga moja ukaipeleka kwingine karibu..."

"Mama, mimi nimesomea polisi. Sikusomea redio."

"Nakueleza kwa sababu mume wangu hakufanya makusudi. Mwenye kosa ni mimi."

"Mumeo mwenyewe hajasema hivyo. Tunamuuliza nani kamtuma, kanyamaza kama gogo. Mtu asiye na neno angenyamaza hivyo?"

"Ananyamaza kwa sababu ananilinda mimi."

"Basi ana bahati ya mke," sajini akasema, na benchi zima likacheka. "Nenda kamwone Mwenyekiti wa mtaa wenu. Hili jambo limeshapanda juu ya kichwa changu. Na usiniulize tena habari za spika zenu. Zile si spika sasa, ni vielelezo."

Akatoka nje mikono mitupu. Getini, watoto wa shule walikuwa wakisukumana, na mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kuigiza, "Acha uongo, mtu mzima wewe. Kaa chini." Wakaanguka kwa kicheko. Hata hawakujua kwamba mama aliyewapita ndiye aliyeyakodisha maneno yale.

Maana mambo yenyewe yalikuwa ya kijinga kuliko yalivyosimuliwa. Mama Spika na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, walikuwa wakikodisha vipaza sauti: harusi, misiba, mahafali, mikutano ya kila rangi. Juma lile ofisi ya mtaa ilikodi mitambo mikubwa kwa ajili ya Mheshimiwa, aliyekuja ukumbini kutangaza kwamba mradi wa maji umekamilika. Fundi akatangulia kwenda kufunga nyaya. Nyuma yake wakaja dukani kina mama wa kamati ya maji, ambao mabomba yalipita mlangoni kwao bila kutoa hata jasho, wakataka kitu kidogo cha kusemea kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi huohuo. Mama Spika hakuzoea kumrudisha mteja. Akachukua ile maiki ya pili iliyobaki kwenye boksi, akaifungia kispika cha zamani, akawapa. Habari za chaneli hakuziwaza kabisa. Hizo zilikuwa kazi ya Fundi.

Mheshimiwa alipokuwa akihutubia, nguvu za maiki yake ziliifunika ile nyingine. Akasema maji yanatoka nyumba kwa nyumba. Akaizima maiki, akafungua chupa ya maji anywe. Na hapo, mbele ya wageni na redio iliyokuwa ikirusha moja kwa moja, spika za ukumbi zikamkamata mwanamke wa nyuma ya ukuta: "Acha uongo, mtu mzima wewe. Kaa chini. Tuonyeshe hata tone." Sauti ile iliendelea kumwagika, ikataja mabomba makavu, watoto wanaokosa shule kwa kusaka maji na fedha zilizoliwa, hadi askari mmoja alipokwenda kung'oa plagi ukutani. Ilipofika jioni nchi nzima ilikuwa na maneno yale kwenye simu, na Fundi alikuwa mahabusu.

Nyumbani Mama Spika alimkuta binti yake, waliyempa jina la Chiriku tangu alipoanza kusema, amekaa na mwenyekiti wa kamati ya maji. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu, na watu walimwita Nesi. Wote wawili walivaa fulana mpya nyeupe zilizoandikwa kifuani KAA CHINI.

"Mama, njoo uone," Chiriku akasema, akimwonyesha simu. "Vyuo vyote vimesimama. Wamemchora baba. Tazama."

Mama Spika akatazama. Walikuwa wamemchora Fundi akiwa na misuli ambayo hajawahi kuwa nayo tangu amuoe, ameshika waya kama mtu anayemnyonga nyoka.

"Nesi," akasema, "yale maneno si ulikuwa unamwambia yule mlevi?"

Nesi akatua kikombe. "Nilikuwa namwambia mlevi. Alisimama kiwanjani akaapa kwamba asubuhi ile kaoga maji ya bomba. Ningemwambia nini?"

"Basi tukawaeleze watu. Maneno yalikuwa ya mlevi, maiki ilikuwa kosa langu, mume wangu arudi nyumbani."

"Mwanangu, kaa nikwambie. Tumeandika barua mpaka kalamu zikatuonea huruma. Tumekaa kwenye makorido tukiambiwa bosi yuko kikaoni. Leo watu wameniamini kwa maneno niliyomwambia mlevi. Niende nyumba hadi nyumba nikiwasahihisha?"

"Anayelala sakafuni si wewe."

"Tumemtafutia wakili. Jumatatu atakwenda. Tunachokuomba ni kimoja tu, usiseme ni kosa. Ukisema ni kosa, kila mtu atarudi kwake na ndoo yake tupu, na Mheshimiwa atalala usingizi."

"Utatuua, mama," Chiriku akadakia.

"Sisi nani? Baba yako yuko ndani, wewe uko hapa unakunywa chai."

Chiriku akainamisha kichwa, lakini haikuwa aibu. Alikuwa akiandika kitu kwenye simu. Nesi alipoondoka alimpa Mama Spika fulana ya Fundi, iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko. Ilikuwa kubwa mno, ya saizi ya mtu wanayemfikiria. Akaiweka juu ya kabati, akabadilisha kanga, akaenda kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mtaa alimweka kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka mguu mmoja, hivyo muda wote akawa amejikaza asianguke, huku yeye akizungumza na simu. Alipomaliza, akageuka na tabasamu la mtu aliyekula harusi za nyumba hiyo.

"Shemeji, pole. Fundi ni kijana wetu. Kila mkutano wangu amenisikilizisha yeye."

"Ndiyo nimekuja, shemeji. Nieleze pa kupita."

"Pako wazi. Kesho asubuhi redio wana kile kipindi chao cha maoni. Uende useme ukweli. Kamati ya maji ilikulipa."

"Ilinilipa kukodi. Kila mtu hulipa kukodi. Hata wewe ulilipa, ingawa ulichelewa."

"Ndiyo hivyohivyo. Walikulipa. Sema walikulipa, halafu nyamaza. Usiongeze habari za kukodi. Jioni mumeo yuko kitandani kwake."

"Na Nesi?"

"Nesi ana pensheni." Akajiegemeza kwenye kiti. "Shemeji, mimi nimetumwa, usinione mbaya. Juu wanataka kujua nani yuko nyuma ya jambo hili."

"Hakuna aliye nyuma. Ni maiki mbili zenye chaneli moja."

Mwenyekiti akamtazama kwa masikitiko ya kweli. "Hilo siwezi kulipeleka juu. Nikisema serikali nzima imetikiswa na boksi la maiki, watanifukuza mimi." Akachungulia mlangoni, kisha akashusha sauti. "Unafikiri kwangu yanatoka? Mke wangu ananunua maji ya mkokoteni. Lakini sitasimama kusema hivyo, na wewe usinitaje."

Mama Spika akasimama. Kiti kikaanguka chenyewe, na Mwenyekiti akakiangalia kana kwamba mgeni amekusudia kumvunjia mali.

Usiku ule hakulala, na hakumweleza Chiriku alichoamua. Asubuhi akavaa gauni la misibani, kwa kuwa ndilo lililokuwa limepigwa pasi, akaenda redioni. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Akampa vidude vya masikioni na kumuuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta:

"Mama, nikutambulishe uko upande gani?"

"Upande wa mume wangu."

"Huo si upande. Tumeambiwa una taarifa kuhusu malipo."

"Nina taarifa kuhusu chaneli."

Mtangazaji akageuza uso kwa mara ya kwanza. "Kosa la mitambo si habari, mama. Tena linatugusa na sisi, maana tulikuwa tukirusha." Lakini taa nyekundu ilikwisha kuwaka.

Mama Spika akasema. Akasema yote, bila kukimbia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: boksi, maiki pacha, kispika cha zamani, ukuta, chupa ya maji, mlevi. Akasema mume wake ni fundi tu, hana siasa, hajui kitu, hakufanya kitu. Akasema kosa ni lake peke yake.

"Asante sana mama, maneno mazito," mtangazaji akasema. "Kwa hiyo unakiri kwamba mitambo ilitolewa na wewe kwa kamati?"

"Nakiri niliwakodisha."

"Wasikilizaji, mmesikia. Anakiri. Simu ziko wazi."

Wa kwanza kupiga alisema ni jambo la kusikitisha jinsi serikali ilivyomnunua mwanamke masikini. Wa pili akasema anawafunika wenzake, akabanwe vizuri atawataja. Wa tatu akataka kujua wanakodisha bei gani, ana harusi ya mdogo wake. Huyo ndiye pekee ambaye Mama Spika alitamani kumjibu, lakini wakaweka tangazo la sabuni.

Alipowasha simu yake nje ya geti, akakuta ujumbe wa Chiriku, mfupi: amehamia kwa Nesi.

Sajini naye alikuwa amesikiliza kipindi. Alimpokea karibu kwa furaha.

"Umetusaidia. Sasa mwenye kosa tunamjua, ni wewe. Kwa hiyo yeye atatoka, na wewe utakuwa unaripoti hapa kila Ijumaa."

"Na mitambo?"

"Mitambo inabaki. Kesi si ipo?"

"Mbona hamniweki ndani mimi?"

"Mkubwa kasema tukimfungia mama wa nyumbani, hawa watu watapata wimbo mwingine."

Fundi akatoka amekonda mashavu, mkanda mkononi, viatu bila kamba. Mahabusu waliobaki walimpigia makofi kwenye vyuma wakimwita Kamanda, na yeye akageuka akawapungia mkono taratibu, kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kuiona. Walipoingia mtaani, Mama Spika akaona viti vya kukodi vikipakiwa kwenye mkokoteni. Majirani walikuwa wamevipanga asubuhi kumpokea shujaa. Baada ya redio, mwenye viti alikuwa amekuja kuvichukua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia alimwambia Fundi "Pole kwa kusingiziwa," akaendelea kufagia.

Ndani, Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Umewaambia watu kwamba mimi ni fundi tu."

"Si ndivyo ulivyo?"

"Umesema sijui kitu, sikufanya kitu."

"Nilitaka urudi. Ulikuwa umenyamaza kwa ajili yangu, nikasema hapana, kosa ni langu, nitalibeba mwenyewe."

Fundi akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Kwa ajili yako? Mke wangu, mimi nilikuwa nimeshakusahau kabisa."

Mama Spika akabaki amesimama na sufuria mkononi.

"Nilijua papo hapo kwamba ni maiki yetu ya pili," Fundi akaendelea. "Ile ina mkwaruzo, naijua hata usingizini. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kumshusha Nesi ni kazi ya kupepesa jicho. Nikamtazama Mheshimiwa, chupa imemganda mdomoni. Nikasema moyoni, ngoja kidogo. Nikangoja. Nikaendelea kungoja mpaka wakang'oa plagi." Akavipangusa viganja kwenye suruali. "Miaka yote nawapandishia watu sauti. Akikohoa, namfunika. Akidanganya, namwongezea mlio unone. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naonaje. Siku ile sikugusa kitufe. Ndilo jambo pekee nililolisema maishani mwangu, na wewe umekwenda redioni ukalifuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja kaunta na chaneli zako. Nilikusikia kutoka ndani."

"Nilionjeshwa chakula mbele za watu kwa ajili yako."

"Hakikunifikia."

Mama Spika akakaa chini, sufuria mapajani. Alitaka kulia, lakini alichokipata kilikuwa hasira tu, na hata hiyo hakujua ampelekee nani. Alikuwa amekataa uongo wa Mwenyekiti na amekataa uongo wa Nesi, akaenda kuusema ukweli kwa ulimi wake mwenyewe. Kumbe ukweli wenyewe ulikuwa wa nusu, na nusu nyingine ilikuwa imelala sakafuni kituoni.

"Kesho kamati ina mkutano kiwanjani," Fundi akasema. "Nitakwenda kusema."

"Watakurudisha ndani kabla hujashuka."

"Nipigie pasi lile shati la bluu."

"Pasi imeharibika."

Pasi haikuwa imeharibika. Wote wawili walilijua hilo, na kesho yake Fundi akalivaa shati likiwa na mikunjo.

Mama Spika alimfuata kwa mbali, akijiambia kwamba anakwenda kumtafuta Chiriku. Kiwanja kilijaa fulana nyeupe. Spika haikuwapo hata moja. Zao zilikuwa kituoni, na wakodishaji wengine wote wa mji walikuwa wameugua kwa pamoja juma lile. Nesi alihutubia kwa mdomo mtupu, sauti yake ya wodini ikafika hadi barabarani, kisha akamshika Fundi mkono na kumpandisha juu ya benchi. Chiriku alikuwa mbele kabisa, amejikumbatia.

Fundi akafungua kinywa, na Mama Spika akagundua jambo ambalo hata mwenyewe Fundi huenda hakulijua. Mume wake hakuwa na sauti. Alikuwa amezitengeneza za wenzake maisha yake yote, na yake ilikuwa nyembamba kama uzi, ikikatikia kwenye safu ya tatu ya watu.

"Anasema nini?" wakaulizana watu wa nyuma.

"Sijui. Anashukuru, nadhani."

Karibu na Mama Spika alisimama kijana wa shati la maua, amenyoa kipolisi, ameinua simu juu ya vichwa vya watu. Akaisogeza sikioni, akasikiliza alichorekodi, akanuna. Akajipenyeza hatua chache mbele, akajaribu tena, akanuna tena. Mwanamke mmoja mwenye fulana akageuka, akamtambua Mama Spika.

"Si wewe uliyesema redioni kwamba ni kosa? Sasa huyu anasema nini pale?"

Mama Spika alikuwa akimwangalia kijana wa simu. Kitu pekee alichotakiwa kufanya kilikuwa kutofanya kitu. Kama angeyaacha maneno ya Fundi yafie pale kwenye safu ya tatu, simu ile isingeshika chochote, mkutano ungeisha, na wangerudi nyumbani wote wawili. Wangenuniana juma zima, lakini wangekuwa wote wawili. Akamwona Fundi juu ya benchi, mikunjo ya shati, mkono wa kulia ukipapasa hewani ukitafuta kitufe ambacho hakikuwapo. Akaona midomo yake ikisema neno *mimi*, na akaona halikumfikia mtu yeyote.

Akangoja kidogo. Kisha akaweka viganja kinywani.

"Baba Chiriku," akaita, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kila kitu, "paza sauti. Huku nyuma hatusikii."